Kubana Picha na Sauti katika Kamera ya Video

MADHUMUNI: Mwisho wa somo hili, mwanachuo aweze kueleza jinsi picha na sauti zinavyobanwa ili zihifadhiwe, na kulifundisha jambo hilo kwa karatasi na penseli.

MAELEZO: Tuchukue mfano wa kamera za mtindo wa DV, uliotolewa mwaka 1995. Katika mfumo wa picha 25 kwa sekunde, kila picha ina safu 576 za nukta, na kila safu nukta 720. Kwanza kamera hupunguza taarifa za rangi, kwani jicho hutambua tofauti za mwanga kuliko za rangi. Hata hivyo, hubaki biti milioni 124 hivi kwa sekunde. Kisha picha hugawanywa katika vipande vya nukta 8 kwa 8. Mambo madogo yasiyoonekana kwa urahisi huachwa, na yaliyobaki huandikwa kwa mkato, hadi zibaki biti milioni 25. Sauti haibanwi. Saa moja huchukua gigabaiti 13 hivi.

Kamera za mtindo wa AVCHD, wa mwaka 2006, huenda mbali zaidi. Huhifadhi picha moja kamili, na kwa nyingi zinazofuata huandika mabadiliko tu. Kwa kawaida sauti nayo hubanwa.

ZOEZI: Kila mwanafunzi achore miraba 64, minane kwa minane, na kwa kupaka miraba aandike herufi ndogo i, ambayo nukta yake ni mraba mmoja. Amsomee jirani bila kumwonyesha: "nyeupe 3, nyeusi 1, nyeupe 4." Jirani akichora, herufi itarudi kamili. Warudie, safari hii msomaji akiuhesabu mweupe kila mraba mweusi uliojitenga. Maelezo yatakuwa mafupi zaidi, lakini nukta ya i haitarudi.

TAHADHARI: Tusiwaambie wanafunzi kuwa kubana huku ni kama kukunja nguo. Nguo hukunjuliwa ikawa kama awali; kilichoachwa na kamera hakirudi. Basi tunaporekodi vipindi vya mazoezi ya kufundisha, tuhifadhi rekodi ya kwanza na kuinakili ilivyo. Tukiibana tena na tena, maandishi madogo ya ubaoni yatafifia, nasi tutamhukumu mwalimu kwa picha isiyoonyesha alichoandika.

MASWALI:
1. Ni hatua ipi ya zoezi iliyopoteza taarifa, na ni ipi haikupoteza?
2. Kwa nini kunakili faili hakuharibu picha, ilhali kulibana upya huharibu?