Gemu Mpya, Raha Yako: Vidokezo 7 vya Kucheza Bila Kubebwa na Kelele za Mitandao

Septemba ikikaribia kwisha, vijana wa Lubumbashi huanza kuulizana: mpya umeshaiona? Wanaongelea gemu ya mpira, ile EA Sports FC inayotoka kila mwaka majira hayo. Kabla diski haijafika mtaani Makutano, Facebook imeshatoa hukumu: mbovu, wizi mtupu, afadhali ya mwaka jana. Wewe umejinyima ili uipate, na hata hujabonyeza kitufe kimoja! Usivunjike moyo, ndugu. Raha yako bado unayo mwenyewe, na hivi ndivyo utakavyoilinda.

1. Cheza kwanza, soma baadaye

Dawa hii haikugharimu hata faranga moja. Gemu ikishaingia kwenye mashine, acha simu chumba kingine ucheze mechi tano kabla ya kusoma maoni ya mtu yeyote. Mechi ya kwanza vidole bado vinatafuta vitufe, pasi zinamwendea adui, kipa anarukia upande usio wake. Kawaida kabisa! Ya tatu utaanza kuuzoea mwendo wa mpira, na ya tano utakuwa na maoni yako. Ukianza na maoni ya watu utakaa unawinda kasoro walizokutajia, mabao utayasahau.

2. Angalia tarehe ya lawama

Mnakumbuka 2021? Kampuni ya Konami iliacha jina la gemu yake ya mpira, PES, lililolea vijana wengi wa mji huu, ikaleta eFootball. Ilipotoka tarehe 30 Septemba ikapokelewa kwa vicheko: nyuso za wachezaji zimepinda, miili inatembea kama haina mifupa. Kwenye duka la gemu la Steam iliangukia kati ya gemu zilizopewa alama mbaya kuliko zote. Lawama zilikuwa za haki, na Konami wenyewe waliomba radhi. Lakini Aprili 2022 likaja toleo la 1.0.0 lenye marekebisho mengi, na gemu hiyo inachezwa bure hadi kwenye simu. Picha za nyuso zilizopinda, hata hivyo, bado zinazunguka mitandaoni kana kwamba zimepigwa jana.

Gemu nyingine, Cyberpunk 2077, nayo ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi mno, hata Sony wakaiondoa kwenye duka lao la PlayStation kwa miezi kadhaa. Mwaka 2023 ilipata toleo la 2.0, na waliokuwa wakiisema vibaya wakaanza kuisifu. Kwa hiyo ukikutana na lawama, uliza maswali matatu: imeandikwa lini, kuhusu toleo gani, na mwandishi anachezea mashine gani?

3. Hii inanihusu kweli?

Malalamiko mengi ya gemu za mpira ni juu ya seva zinazokwama na kadi za wachezaji zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Ni malalamiko ya maana sana, na kama mwanao anacheza kwa simu yako hakikisha hawezi kununua kitu bila wewe kujua. Lakini kama mnacheza wawili kwenye mashine moja pale mtaani Makomeno, bila intaneti, seva iliyokwama Ulaya itawapunguzia nini?

4. Nyamazisha bila kugombana

Huna haja ya kumjibu mtu. Kwenye Facebook gusa vile vidoti vitatu juu ya chapisho, umpumzishe mwenye kelele kwa siku 30. Yeye hatajua na urafiki utabaki. Kwenye X unaweza kuzuia neno lenyewe, hata jina la gemu, lisikutokee. Kwenye TikTok bonyeza video kwa muda kidogo, kisha chagua kwamba huvutiwi nayo. Na kundi la WhatsApp linalobishana hadi usiku wa manane? Lizime mlio, liweke kwenye kumbukumbu, utalifungua ukitaka.

5. Mega zako ni za gemu

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Video zinazojicheza zenyewe unapopita Facebook zinakula mega (data zako), hata zile za watu wanaolalamika! Ingia kwenye mipangilio uzime video kujicheza zenyewe, na kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja. Mega utakazookoa zipakulie marekebisho ya gemu. Mara nyingi kasoro unayosimuliwa imeshatengenezwa, inasubiri tu uipakue.

6. Cheza na mtu aliye kando yako

Gemu ya mpira haijawahi kunoga kama inavyonoga ukiwa na mpinzani anayeguna sikioni mwako. Ita jirani, ita kaka yako mkubwa anayedai enzi zake hakufungwa. Wekeni sheria kabla ya kuanza: anayefungwa anaachia maneti (kidhibiti) mwingine acheze, na umeme ukikatika matokeo yanabaki yalivyo. Sheria hii ya pili imeokoa udugu mwingi!

Ongezeni na chumvi ya nyumbani. Kwenye Dream League Soccer ya simu unaweza kuipa timu jina na kubadilisha jezi zake. Basi mmoja avae nyeusi na nyeupe za Mazembe, mwingine njano na buluu za Lupopo, vilabu vya mji wetu, na mtaa mzima utakuja kutazama. Ukifunga, shangilia kama Kidiaba, kipa wa Mazembe, kwa kurukaruka umekalia makalio. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Wachache sana walikuwa wameipa nafasi. Wafungaji wa siku hiyo, Kabangu na Kaluyituka, hawakungoja maoni ya mtu ndipo wafunge.

7. Sema unachokipenda, na ukichoka ondoka

Umeona bao tamu? Lirekodi, liweke kwenye status na mstari mmoja wa furaha. Mwenzako aliyekuwa anasita atapata moyo. Na ikitokea umecheza kwa haki, umeipa nafasi, na bado haikupendezi, rudi kwenye ile ya zamani bila aibu yoyote, au badilishana diski na rafiki. Hayo yatakuwa maamuzi yako, yametoka kwenye vidole vyako.

Jumamosi hii basi, ukishakula bukari (ugali) na umeme ukiwepo, zima data, ita mtu mmoja mcheze. Waliokasirika mtandaoni watakuwepo bado Jumatatu.