Kuhamisha mashine pepe: nilazimishe?

SWALI: Chama chetu cha msingi hapa Kamachumu kina seva mbili za KVM, na diski za mashine pepe ziko kwenye hifadhi ya pamoja ya NFS. Nikitaka kuihamisha mashine ya hesabu za kahawa ikiwa kazini, libvirt inakataa: si salama. Nilazimishe?

JIBU: Usilazimishe, ndugu yangu. Yaelekea diski hiyo imewekwa kache ya writeback. Seva inayopokea hulifungua faili la diski mapema, kabla ya makabidhiano, huku ya kwanza ingali inaandika. Inayopokea ikibaki na vipande vya zamani vya data kwenye RAM yake, mashine itasoma hesabu za zamani zilizokwisha kubadilishwa, kisha itaandika juu ya zile mpya. Hapo mafaili huharibika kimyakimya, na wakulima ndio watakaodhulumiwa.

Zima mashine, weka cache='none' kwenye mpangilio wa diski hiyo, iwashe, ndipo uihamishe. Data sasa itaikwepa kache ya seva zote mbili. Kasi huenda ikapungua kidogo, kubali.

Ila none haizuii hasara umeme ukikatika, kwa kuwa diski nayo ina kache yake. Nunua UPS, na chukua nakala kabla ya kuhamisha. Mpangilio mwingine wa kache, unsafe, hupuuza hata amri ya kuandika data diskini. Usiuguse kwa hesabu za watu.