Mabel Poulton: Sura Ilipendwa, Lafudhi Ikakataliwa

Wanafunzi wengi tukiulizwa kwa nini nyota wa filamu bubu walipotea, jibu letu ni jepesi: sauti ilikuja, wao wakashindwa kuigiza kwa kuongea. Jibu hilo linaweza kukupa maksi, lakini mimi naliona ni nusu tu. Hebu tumchukue Mabel Poulton wa Uingereza tuone.

Mabel alizaliwa mwaka 1901 Bethnal Green, mashariki ya London. Kwa lugha yetu, huko ndiko uswahilini kwao. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu kwenye ukumbi wa Alhambra, hapohapo London. Filamu ya Kimarekani Broken Blossoms (1919) ilipoletwa mjini, ikaonekana binti huyu anafanana mno na nyota wake, Lillian Gish. Basi akapandishwa jukwaani kuigiza kama Gish katika kuinogesha filamu hiyo. Mwongozaji George Pearson akamchukua, na mwaka 1920 akatokea katika Nothing Else Matters.

Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu kamera ya enzi zile haikuwa na masikio. Maneno yaliandikwa kwenye kadi, na kila mtazamaji aliyasikia kichwani kwa sauti aipendayo mwenyewe. Mwaka 1928 Mabel akacheza Tessa katika The Constant Nymph, filamu iliyotokana na riwaya ya Margaret Kennedy, pamoja na Ivor Novello aliyekuwa kipenzi cha watazamaji. Tessa ni binti wa mtunzi wa muziki, amekulia kwenye milima ya Austria. Hakuna aliyeuliza kama huyu dada wa Bethnal Green anatamka "h" au anaimeza, kama wafanyavyo watu wa kwao, Wacockney.

Sauti ilipokuja, waliuliza. Na kumbuka, si kwamba kazi ziliisha. Sheria ya mwaka 1927 iliwalazimisha wenye majumba ya sinema kuonyesha kiwango fulani cha filamu za Uingereza, kwa hiyo studio zilihitaji watu. Mabel alifanya filamu chache za sauti, lakini lafudhi yake ya Cockney ikamfungia njia. Mwaka 1933 The Constant Nymph ilitengenezwa upya ikiwa na sauti, na Tessa akapewa Victoria Hopper. Mwaka 1936 Mabel alikuwa akipata nafasi ndogondogo, kama ile ya Crown v. Stevens ya Michael Powell. Alifariki mwaka 1994, akiwa na miaka 93.

Sasa linganisha na Blackmail ya Alfred Hitchcock (1929). Nyota wake, Anny Ondra, alikuwa Mcheki. Joan Barry akawekwa pembeni ya kamera kusema maneno, Ondra akawa anachezesha midomo tu. Mhusika wenyewe ni binti wa muuza duka wa London, lakini sauti aliyopewa ni ya kishua kabisa!

Utaniuliza: mbona Gracie Fields, mtu wa Lancashire mwenye lafudhi nzito ya kwao, alitamba kwenye filamu za sauti miaka ya 1930? Ni kweli. Ila umaarufu wake ulikuwa wa kuimba na kuchekesha. Lafudhi ya mtu wa chini iliruhusiwa kuchekesha. Kwa msichana wa kupendwa na kuliliwa, kama Tessa, ilitakiwa nyingine.

Kwa hiyo ukikutana na swali hili, usiandike "teknolojia" ukaishia hapo. Maikrofoni ilinasa tu. Waliosema sauti ipi inafaa walikuwa watu, na walikuwa na tabaka lao. Nasi tunaokaa nyuma ya semina tukihesabu mwenzetu amechanganya "r" na "l" mara ngapi, huku hoja yake ikitupita, tunafanya kazi ileile waliyoifanya wao.