BAGA YA NYUMBANI: IIVE MPAKA NDANI!

Leo tunaingia jikoni, wasichana kwa wavulana, maana njaa haichagui! Wengi hudhani baga ni chakula cha kwenye sinema au cha wenye pesa mjini. Si kweli. Ukiwa Tukuyu au Kiwira, ndizi na parachichi ziko mlangoni kwako. Utamu wa ndizi mbivu ukikutana na chumvi ya nyama, utajilamba vidole. Ila kuna jambo moja si la mchezo. Soma mpaka mwisho.

Mahitaji (watu 4)
- Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo
- Skonsi 4
- Ndizi mbivu 2
- Parachichi 1, nyanya 1, vitunguu 2
- Kitunguu saumu, punje 2
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga kidogo
- Mafuta ya kupikia

Namna ya kupika
1. Nunua nyama siku hiyohiyo ya kupika. Kama huna friji, usiiache ikae zaidi ya saa 2.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Katakata kitunguu kimoja na saumu, changanya na nyama, chumvi na pilipili manga. Nawa tena.
3. Tengeneza madonge 4, yabonyeze yawe bapa, unene wa kidole.
4. Washa jiko. Kama ni la mkaa, pikia nje au acha mlango na madirisha wazi, hata kama baridi ya Rungwe inauma. Hewa ya mkaa huua.
5. Kata ndizi vipande virefu, kaanga mpaka viwe vya kahawia. Usiongeze sukari, yake inatosha. Kaanga na kitunguu cha pili.
6. Kaanga nyama kwa moto wa wastani, dakika 5 au 6 kila upande. Pasua donge moja katikati. Ukiona wekundu, rudisha jikoni yote.
7. Panga ndani ya skonsi: nyama, ndizi, kitunguu, nyanya, parachichi. Usitumie sahani iliyobeba nyama mbichi.

Kwa nini iive hivyo?
Kwenye kipande kizima cha nyama, vijidudu hukaa zaidi juu, na moto huwaua upesi. Ukisaga, wa juu wanaingia ndani. Kwa hiyo nje inaweza kuungua huku katikati wangali hai. Mwaka 1993 huko Marekani, baga zisizoiva vizuri zilisababisha mlipuko wa ugonjwa. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 walifariki.

Ukiharisha damu, usijinunulie vidonge dukani. Wahi kituo cha afya, na njiani endelea kunywa maji ya ORS.

Baga ina mafuta na chumvi, hivyo ni raha ya siku moja moja. Siku nyingine, maharage na mboga za majani vinatosha kabisa.

Jadili na wenzako
1. Kwa nini unanawa tena baada ya kushika nyama mbichi?
2. Rafiki yako ana njaa, anataka mle nyama ikiwa bado nyekundu katikati. Utamwambiaje bila kugombana?

Haya, karibu mezani. Na aliyekula asikimbie vyombo!