Somo: Eneo la Makazi ya Ujazo Mdogo Linapobadilishwa Matumizi

Kimamba, wilayani Kilosa, ni mji uliokua kando ya Reli ya Kati, katikati ya mashamba ya mkonge. Sasa treni ya SGR husimama Kilosa, na stesheni huvuta wanunuzi wa viwanja. Hapo ndipo suala la mabadiliko ya matumizi ya ardhi humfikia mwenye nyumba.

Maana ya ujazo
Katika makazi ya ujazo mdogo, viwanja ni vikubwa na nyumba ni chache. Kiwanja cha mita za mraba 1,600 kikigawanywa sawasawa mara nne, kila kipande huwa na mita za mraba 400. Kaya nne hutumia barabara, bomba na mtaro uliokuwa wa kaya moja.

Faida na hasara
Mwenye kiwanja aweza kuuza sehemu na kubaki na nyumba yake. Familia changa nayo hupata kiwanja inachokimudu. Hata hivyo, udongo ulio wazi hunyonya maji ya mvua, ilhali paa na sakafu huyasukuma kwa jirani. Kwa wilaya iliyokumbwa na mafuriko makubwa ya Mto Mkondoa Desemba 2009 na Januari 2010, hilo si jambo la kupuuzwa. Vilevile, kiwanja cha makazi kikigeuzwa cha biashara, kiwango cha kodi ya pango la ardhi hubadilika.

Haki yako
Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 huitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Mmiliki hapaswi kubadili matumizi bila idhini. Idhini aliyopewa jirani haifuti hati yako, wala haikulazimishi kuuza.

Tunakushauri:
1. Soma masharti ya matumizi yaliyoandikwa katika hati yako.
2. Kabla ya kununua, omba kuona mchoro wa mipango miji katika ofisi ya ardhi ya halmashauri; usitegemee neno la dalali.
3. Ukiona tangazo la mabadiliko, wasilisha maoni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.
4. Eleza athari mahususi: mtaro upi utazidiwa, njia ipi itazibwa.
5. Ikiwa ardhi ni ya kijiji, anzia kwa Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa utaratibu wake ni tofauti.

Pingamizi lililotolewa kabla ya msingi kuchimbwa huwa na nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko malalamiko yanayokuja ukuta ukiwa umekwisha kusimama.