Kuzungumza Michezo na Mazoezi kwa Kifaransa

Jomvu Kuu ni mji wa kale wa Waswahili kando ya hori la Tudor, Mombasa bara. Barabara kuu ya Nairobi iko karibu, na baadhi ya malori yanayoifuata hufika hadi Kongo, ambako Kifaransa ni lugha rasmi. Kwa hiyo anayejifunza Kifaransa hapa ana wa kuzungumza naye, na michezo ni mlango mwepesi wa kuanzia.

Kinachotukwaza ni neno letu "kucheza". Sisi hucheza mpira, karata, karate na hata ngoma. Kifaransa kina njia tatu.

1. Mchezo wa kushindana wenye mpira, kete au karata hutumia "jouer à". "Je joue au foot" ni nacheza mpira. "Je joue aux cartes" ni nacheza karata. Hata bao letu limo: "je joue au bao".

2. Zoezi la mwili hutumia "faire de". "Je fais du vélo" ni naendesha baiskeli. "Je fais de la natation" ni naogelea. "Je fais du karaté" ni nacheza karate. "Je fais de l'athlétisme" ni nafanya riadha. Usiseme kamwe "je joue la natation".

3. Baadhi ya vitendo vina pia vitenzi vyake vyenyewe: "je cours" (nakimbia), "je marche" (natembea), "je nage" (naogelea), "je rame" (napiga makasia), "je danse" (nacheza ngoma).

Na mazoea je? Kiswahili kina "hu-": mimi huogelea. Kifaransa hakina kiambishi hicho. Kitenzi hubaki vilevile, na mazoea hubebwa na neno la wakati. "Je nage tous les matins": huogelea kila asubuhi. "Je cours deux fois par semaine": hukimbia mara mbili kwa wiki.

Angalia sana neno dogo "le". "Je joue samedi" ni nitacheza Jumamosi hii. "Je joue le samedi" ni hucheza kila Jumamosi. Ukiliacha, mwenzako atakungojea uwanjani siku moja tu.

Ukitaka kutaja muda, sema "depuis" na kitenzi cha wakati uliopo: "Je nage depuis dix ans", naogelea tangu miaka 10 iliyopita. Ukikanusha, "du" na "de la" hugeuka "de": "Je ne fais pas de sport", sifanyi mazoezi.

Adabu nayo isisahaulike. Aliyekuzidi umri usimwambie "tu", mwambie "vous", na ukizungumza na Mkongo mtu mzima mwite "papa" au "maman": "Bonjour, papa. Vous faites du sport ?" Ukikwama, Wakongo wengi wa mashariki wana Kiswahili, watakuokoa.

Jioni ya leo, ukirudi kutoka uwanjani au horini, taja kwa sauti mambo matatu uliyozoea kuyafanya, kila moja na siku yake. Rudia kesho. Ulimi, kama mguu, hupata nguvu kwa mazoezi ya kila siku.