Banda Kavu, Kuku Wazima

Somo letu ni Mathayo 23:37. Yesu alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa. Hapa kambini kuku ndiye anayetupatia sabuni na madaftari ya watoto, tusimwache anyeshewe.

Kuku mkavu hustahimili baridi. Aliyelowa huugua upesi. Basi:

1. Tuinue sakafu ya banda kwa miti, tuchimbe mfereji kulizunguka.
2. Tuzibe upande wa upepo, lakini tuache nafasi juu, karibu na paa, unyevu utoke.
3. Tutandaze majani makavu, yakilowa tuyabadilishe.
4. Tusiweke jiko la mkaa bandani: hewa yake huua, na moto huenea kwa majirani.

Swali: Ni mjane au mzee gani jirani yetu ambaye banda lake linavuja? Jumamosi twende tukamwezekee. Amina.